Kahawa Niliyosema Imekauka

Kanoni, Karagwe
Jumatano jioni

Adventina mwanangu,

Asubuhi umeniamkia nami nikakuitikia, kwa hiyo salamu tuziache. Mambo ya safari pia nayaacha. Mama yako ameshakuambia habari za sanduku, za shuka, za kutolala fofofo ndani ya treni, na amerudia mara tatu kama kawaida yake. Mimi ninalo jambo moja tu. Nimekaa nalo tangu wewe uko darasa la pili.

Naandikia mezani, jua bado liko juu ya migomba ya jirani, na wewe umekwenda kanisani kuagana na wanakwaya wenzako. Ningetaka nimalize kabla hujarudi, lakini unanijua, mimi si mwandishi wa haraka. Niliishia darasa la saba, na vidole hivi vimeshika kulabu ya magunia miaka mingi kuliko kalamu. Palipokatwakatwa utavumilia.

Umekua ukisikia kwamba baba yako aliacha kazi ya bandari kwa sababu ya kifua. Ndivyo nilivyomwambia mama yako siku niliposhuka kwenye lori na kibegi kimoja, ndivyo nilivyowaambia majirani, na ndivyo nilivyokuambia wewe. Umewahi hata kunichemshia majani ya mkaratusi kwa ajili ya kifua hicho, ukakaa pembeni yangu ukihakikisha nakunywa mpaka mwisho. Nilikunywa. Mwanangu, kifua changu hakikuwa na kitu.

Wewe kesho unakwenda kuwa karani kwenye bandari ile ile, upande wa makontena, na utalala Kurasini nyumbani kwa Bwana Salehe. Yeye ndiye atakayekuja stesheni kukupokea. Nimekuambia kwamba ni rafiki yangu wa zamani, na hilo ni kweli. Sijakuambia nilichomfanyia.

Niliondoka hapa mwaka uliofuata vita vya Uganda, wakati dukani hakuna sabuni wala chumvi. Nilifika Dar es Salaam bila kumjua mtu. Kila alfajiri wanaume tulijazana kwenye geti la bandari tukingoja kuchaguliwa, na mimi kwa siku nne sikuchaguliwa kwa sababu sikujua kusukumana. Huku kwetu mtu akikutangulia unampisha. Siku ya tano karani mmoja mfupi, Mzaramo, koti la kaki limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, akaninyooshea penseli.

"Wewe mrefu. Unatoka wapi?"

"Karagwe."

"Ndiko wapi huko?"

"Mbali. Karibu na Uganda."

"Umekuja kwa miguu?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, maana kicheko ndicho kilichokuwa kitu cha kwanza nilichopewa katika mji ule. "Haya ingia, Karagwe," akasema. Huyo ndiye Bwana Salehe. Tangu siku hiyo mpaka ninaondoka, hakuna mtu bandarini aliyejua jina langu la ubatizo.

Bandari niliyoikuta mimi si hii utakayoikuta wewe. Ya kwetu ilikuwa ya migongo. Gunia lilitoka ghalani mgongoni mwa mtu, likapangwa ndani ya neti, kreni ikainua neti ikaishusha ndani ya tumbo la meli, na huko chini kulikuwa na watu wengine wa kulipokea na kulipanga tena. Genge moja lilikuwa na watu ishirini. Meli ya kahawa ilikaa gatini wiki mbili, wakati mwingine tatu, na siku inapong'oa nanga ulikuwa unaijua kama unavyolijua shamba ulilolilima wewe mwenyewe.

Kahawa ilikuwa inanikumbusha nyumbani kiasi kwamba nilikuwa naona haya. Unajua desturi yetu, mgeni hapati maji kabla ya kuwekewa amwani, kahawa ya kutafuna, kiganjani. Mimi nilikuwa natafuna hata pale gatini. Punje ikidondoka kwenye tundu la gunia naiokota, naitia kinywani. Kulikuwa na mtu mmoja katika genge letu, Chande, hodari wa utani, yeye hakunipumzisha.

"Jamani, mwoneni Karagwe anakula shehena! Kuna Mzungu huko kwao atakosa kikombe cha asubuhi kwa ajili ya huyu."

"Mwache," mwingine anasema, "Mhaya bila kahawa anakufa."

"Mimi si Mhaya, mimi Mnyambo."

"Tofauti yake nini?"

"Wahaya wanazungumza sana."

"Na wewe unafanya nini sasa hivi?"

Bwana Salehe ndiye aliyegundua kwamba kinywa changu kina faida. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mzigo na kuandika hali yake kwenye karatasi ya tali: hali nzuri, au imechanika, au imelowana. Siku moja aliniona nimetema punje nikakunja uso, akaniuliza. Nikamwambia hii haijakauka, jino linazama. Kahawa iliyokauka jino linagonga. Akapima, akakuta ni kweli. Basi kuanzia hapo, kahawa ikija, hupita karibu yangu na penseli yake sikioni na kuuliza, kama mzaha, "Karagwe, jino linasemaje?" Nami najibu, na yeye anaandika. Mwanangu, kulikuwa na mtu mwenye koti na penseli ambaye aliliamini jino langu. Sikuwa nimewahi kuaminiwa hivyo na mtu yeyote nje ya kijiji hiki.

Halafu makontena yakaanza kuja.

Mwanzoni yalikuja mawili matatu juu ya meli za kawaida, tukayashangaa kama watoto. Baadaye yakawa mengi. Wakaanza kuvunja gati za mwisho, wakamwaga zege nene eneo ambamo ungeweza kuweka vijiji vitatu, wakatandika reli za winchi kubwa, wakasimamisha nguzo za taa ndefu kuliko mnara wa kanisa lolote nililowahi kuliona. Foko za kuinulia mizigo zikaja, ndogo kwanza, halafu zile zenye matairi yanayompita mtu kimo. Siku ya kwanza niliyoona winchi ikiinua sanduku kutoka melini na kulitua juu ya trela, nilikuwa nafunga mkanda wangu. Sijamaliza kufunga, sanduku limeshaondoka. Chande akasema, "Ndani ya lile kulikuwa na kazi yetu ya siku tatu." Hakuna aliyecheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Chande kusema kitu watu wasicheke.

Sikuandikii haya kulaumu makontena. Wewe utakula mkate wako humo. Nataka ujue tu kwamba tulikuwa watu tunaoogopa. Kila mwezi genge lilipunguzwa. Bwana Salehe naye alikuwa ameambiwa kwamba makarani wachache wenye rekodi safi watahamishiwa upande mpya, na yeye alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Alikuwa anajifunza kusoma namba za makontena kwenye daftari la mtoto wake, jioni, baada ya sala.

Wakati huo kahawa nayo ikaanza kujazwa kwenye makontena. Magunia hayakupelekwa tena melini moja moja. Sanduku liliwekwa nyuma ya ghala, sisi tunalijaza magunia, milango inafungwa, inatiwa sili isiyokatwa mpaka ng'ambo, basi. Wiki moja kabla ya siku nitakayokusimulia, Chande alikuwa ameniudhi. Alisema kahawa ya Kilimanjaro ndiyo kahawa, ya kwetu ni ya kuchanganyia tu. Nikamjibu mbele ya watu wote. Nikasema ya kwetu ikija nitawaonyesha, nikasema mtayameza maneno yenu. Nilisema mengi. Nilizungumza kama Mhaya.

Ikaja. Niliziona alama kwenye magunia, nikajua imetoka Karagwe. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiambia labda ndani ya mojawapo mna za kibanja chetu, zilizoanikwa na mama yako pale uani, na wewe ukifukuza kuku. Nikachomoa punje nikatia kinywani, Chande ananitazama.

Jino likazama.

Nikachomoa ya gunia la pili, likazama. Nikapenyeza mkono ndani ya gunia la tatu, nikakuta joto, lile joto la kitu kinachoanza kuoza. Sijui kama ilinyeshewa ndani ya behewa au iliondoka huku haijakauka vizuri. Mvua za msimu ule zilikuwa hazina huruma. Hata leo sijui, na sitaki kumsingizia mtu.

Bwana Salehe akafika, penseli sikioni. "Karagwe, leo ni ya kwenu hii. Jino linasemaje?"

Chande alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale, mikono kiunoni, anangoja.

Nikasema, "Imekauka kama mfupa."

Bwana Salehe akaandika hali nzuri. Tukajaza, milango ikafungwa, sili ikatiwa.

Nimejitetea miaka mingi, Adventina. Najiambia kwamba sikujua. Na kuna jambo kweli sikulijua. Kwenye meli za zamani, gunia lenye unyevu kidogo liliweza kusafiri likafika, kwa sababu mifuniko ya juu ilifunguliwa baharini na upepo ukapita kati ya magunia. Nilidhani itakuwa hivyo hivyo. Kontena halina dirisha. Ni chuma pande zote. Mchana jua la Dar es Salaam linalichoma, unyevu unatoka kwenye kahawa unapanda darini. Usiku chuma kinapoa, unyevu ule unakuwa maji na kudondokea magunia kama mvua. Wenyewe husema kontena linatoa jasho. Hilo sikulijua. Lakini jino lilijua, na mimi nililiambia linyamaze. Nililinyamazisha kwa sababu ya Chande. Si kwa sababu ya njaa, si kwa sababu ya ndugu zangu wa huku, ingawa hayo ndiyo niliyojaribu kumwambia Mungu. Ni kwa sababu nilikuwa nimejisifu.

Winchi iliharibika, meli ikachelewa, kontena likakaa yadini juani wiki baada ya wiki. Walilifungua kwa sababu ya harufu. Nilikuwepo. Magunia yaliota ukungu wa kijani, yale ya juu yakapasuka, na kahawa ikatoka imeshikana kama matope. Watu walifunika pua. Harufu ile bado naijua, ikipita nchi nzima ningeitambua.

Wakamwita Bwana Salehe ofisini. Sahihi ilikuwa yake. Wakamuuliza nani alikagua mzigo. Akasema, "Mimi mwenyewe." Nilikuwa nje ya mlango, nimesikia kwa masikio yangu. Hakutaja jino wala Karagwe. Wakamfuta kwenye orodha ya upande mpya, na baada ya muda wakamwondoa kabisa kazini. Nilipomfuata jioni, najikokota, aliniwahi yeye kusema:

"Usijitese. Hata jino huchoka. Ningekutaja tungefukuzwa wawili, faida yake nini?"

Umeona? Alidhani nilikosea. Mpaka leo, au mpaka juzi, alidhani nilikosea. Mlango ulikuwa wazi kabisa niseme, "Sikukosea, nilikudanganya." Nikasema, "Asante, Bwana Salehe." Mwezi uliofuata nikapanda treni na kifua changu kizima. Yeye ndiye aliyenisindikiza stesheni.

Nilikwenda kitubio nilipofika. Padri alinisikiliza, akaniondolea dhambi, lakini akaniambia kitubio changu kitakamilika siku nitakapomwambia yule mtu. Nilimwambia yuko mbali. Akasema barua zinafika mbali. Nimepokea Ekaristi Jumapili zote ulizoniona nikipokea, nikijua hilo. Wewe uliniona mtu wa sala. Mimi nilikuwa naona nyuma ya altare mtu mfupi mwenye koti la kaki. Inachosha, mwanangu. Nimelima, nimebeba, nimezika wazazi, hakuna kilichonichosha kama hicho.

Ulipopata barua ya kazi, nikafanya jambo la ajabu: nilimwandikia Bwana Salehe nikimwomba akupokee. Siwezi kukueleza kwa nini nilimwandikia yeye na si mwingine. Labda nilikuwa naitafuta njia ya kurudi. Alijibu upesi. Siku hizi analinda geti la yadi ya watu binafsi, usiku kucha, katika umri wake ule. Aliandika, "Mtoto wako ni mtoto wangu, mke wangu ameshaosha chumba." Na akauliza, kwa mzaha, kama jino langu lingali zima.

Sikulala siku tatu. Ya nne nilikwenda Kayanga na nikatuma posta barua ya kurasa mbili. Nimemwambia kila kitu, kama nilivyokuambia wewe, na Chande ndani yake. Ni wiki mbili sasa. Jibu halijaja.

Leo mchana nimemwambia mama yako. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi zako za safari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi, halafu akasema:

"Miaka yote hii umenyamaza. Ukaona wiki ya mtoto kusafiri ndiyo wiki ya kusema?"

"Nisingeweza kumwacha akalale kwa mtu yule juu ya uongo."

"Kwa hiyo umemtoa mtoto akulipie. Akishuka kwenye treni asimkute mtu?"

"Kuna hosteli ya masista. Nimeandika maelekezo."

"Na yeye anajua?"

Nikamwambia nimepanga kukupa barua hii imefungwa, uifungue ukishavuka ziwa, ukiwa ndani ya treni. Mama yako aliweka kisu chini.

"Ndani ya treni! Ili asiweze kurudi? Laurian, wewe bado unafunga milango na kutia sili. Mpe leo. Asome hapa, mtoto ana akili zake."

Nilikasirika. Nilitoka nikazunguka kibanja mara mbili. Lakini alisema kweli. Nilitaka ujue, ila ujue mahali ambapo huwezi kunigeukia.

Basi nimebadili. Utaisoma leo hii. Barua ya kazi inasema uripoti Jumatatu. Ukiondoka kesho utafika kabla ya hapo, na huenda stesheni pawe na mtu, huenda pasiwe. Ukitaka kungoja mpaka jibu la Bwana Salehe lije, ngoja. Mimi nitapiga simu ya posta kuomba wakuongezee siku, na sijui kama watakubali. Kazi inaweza kupotea. Ukiamua kwenda moja kwa moja kwa masista usipite kwake kabisa, maelekezo nitakupa pamoja na karatasi hizi. Sitakuchagulia. Nimechagua vibaya mara moja kwa niaba ya wengine.

Ukimkuta amesimama pale, mwamkie. Usimwombee baba yako msamaha, hiyo si kazi yako. Asipokuwepo, usimwone mbaya, na usinionee huruma mimi.

Nilitaka pia nikupe neno la kazi, lakini neno gani? Kontena litakuja kwako limefungwa, nawe utaandika namba ya sili na hali ya chuma kwa nje. Vilivyomo hutaviona. Karani wa zamani angalau alikuwa na gunia la kuingiza mkono. Siwezi kukuambia usiamini watu, maana mtu aliyeniamini mimi alikuwa bora kuliko mimi, na mpaka leo ni bora. Wala siwezi kukuambia uwaamini. Nakuombea tu kwamba siku utakayoulizwa ukiwa umezungukwa na wenzako, na jibu la kweli ni la aibu, Bikira Maria akushike ulimi mpaka hamu ya sifa ipite. Sala hiyo nitaisema kila jioni. Ninaijua vizuri kwa sababu sikuisema siku ile.

Nasikia sauti zenu njiani, kwaya wanakusindikiza. Unacheka. Sitaikunja barua hii katika bahasha, nitakupa karatasi zenyewe mkononi. Ingia chumbani usome. Mimi nitakaa nje kwenye ngazi, sitakwenda popote. Ukimaliza, njoo. Hata kama umekasirika, hata kama huna la kusema, njoo ukae karibu yangu kidogo, halafu ndipo uniambie kama kesho tunabeba sanduku.

Baba yako,
Laurian